Mlimani wanapika wanaume, nyumbani anatumwa mtoto wa kike

Kuna maneno nayasikia sana hapa Moshi, kwenye daladala, saluni, vikao vya harusi, hata nje ya kanisa watu wakishatoka ibadani. Kwamba jikoni ni pa mwanamke kwa asili, Mungu ndo kapanga hivyo, na mwanaume ukimsukumia mambo ya jikoni unaenda kinyume na maumbile. Na anaeyasema anayasema kwa uhakika kabisa, hana hata wasiwasi.

Sasa mimi naishi kwenye mji ambao kila siku asubuhi kuna magari yanaondoka yamejaa wanaume wanaokwenda kupika. Nenda geti la Machame au la Marangu, wanakoanzia kupanda mlima Kilimanjaro, msimu wa wageni ukasimame pale nusu saa tu uangalie vinavyopimwa kwenye mzani. Viazi, karoti, mayai kwenye trei, unga, mitungi ya gesi, masufuria, chujio la chai, kila kitu cha jikoni kinapanda mlima mgongoni mwa watu, na anaevisimamia vyote anaitwa mpishi na asilimia kubwa sana ni wanaume. Huko juu kambi ya Barafu, mita 4,673, upepo unataka kung'oa hema, kuna mwanaume kapiga magoti anamenya viazi, anakaanga, anaonja chumvi, anaosha vyombo kwa maji ambayo yamebebwa kutoka mbali. Mgeni akipata ugonjwa wa mwinuko akakataa kula, mpishi anamtengenezea uji au supu nyepesi anambembeleza kijiko kwa kijiko kama mama anavyombembeleza mtoto mwenye homa, kwa sababu mgeni asipokula hafiki, na asipofika kilele cha Uhuru kule mita 5,895 furaha ya safari inaisha na tipu inapungua. Sijawahi kusikia mtu hapa mjini anasema wale wanaume wameharibika. Kinyume chake, mpishi wa mlimani ni mtu anaeheshimika, anajenga, anasomesha, mabinti wanampenda.

Kaka yangu ni mmoja wao. Alianza kama mgumu, ndo tunavyowaita wabeba mizigo wa mlimani, anabeba kilo 20 za kampuni juu ya mizigo yake mwenyewe, akawa msaidizi wa jikoni, baadae akapewa jiko. Anajua kupika yule mtu, nasema ukweli. Anajua vyakula ambavyo mimi nilivionea kwake mara ya kwanza. Desemba tulipokutana nyumbani Old Moshi alituonyesha video kwenye simu, yupo ndani ya hema na kofia yake ya sufi, anakata karoti na tango anazipanga kwenye sahani zinakua maua, wageni wanapiga makofi. Mzee kaitazama ile video mara mbili, mama kafurahi mpaka machozi, sote tukampongeza na mimi nikiwemo, alistahili. Haikupita muda kaka akamwita binti yake aliekua nje anafua, njoo unipe maji ya kunywa. Jagi lilikua mezani na kaka ndo aliekua karibu na meza. Mtoto akaacha kufua, akafuta mikono kwenye gauni, akaingia, akamimina, akapiga goti kidogo akampa baba yake, akarudi kwenye beseni. Na mdogo wake wa kiume alikua amekaa pale pale kwenye kochi anaangalia katuni.

Nataka nieleweke, kaka yangu sio mtu mbaya na sio mvivu. Anampenda yule binti, ada ya shule anailipa kabla ya kila kitu. Baadae jioni nilimuuliza taratibu tu, kaka mbona kule unapika na kuosha masufuria na hapa hata maji unaletewa? Akanijibu bila kufikiria, "Kule ni kazi, hapa ni nyumbani."

Hilo jibu nimelifikiria sana tangu siku ile. Kwa sababu wifi yangu siku hiyo aliamka kabla ya jogoo, amewasha moto, amechemsha maji ya kuoga ya watu wote, amekamua ng'ombe, amekata majani, amepika chai ya watu kumi na kitu, alafu akaanza ya mchana. Kama ile sio kazi basi sijui kazi ni nini. Ni sufuria zile zile, viazi vile vile, moshi wake wifi ni mkali zaidi maana kaka anatumia gesi na wifi anatumia kuni. Kilichobadilika ni kwamba kule kuna anaelipa na anaepiga makofi na huku hamna. Kwa hiyo tukubaliane kwanza hapo, mkono wa mwanaume unapika vizuri tu, maumbile hayajamzuia. Hata cherehani ni hivyo hivyo, pita mjini kwenye vibaraza vya maduka uone mafundi cherehani waliojipanga, wengi ni kina baba wanashona magauni ya wanawake na mashela ya harusi, lakini shati likidondoka kifungo nyumbani anatafutwa dada.

Na msifikiri kaka hajawahi kujaribu. Mama alipougua, wifi yuko kwao kwenye msiba, kaka aliingia jikoni akampikia mama mtori, akamlisha, akaosha vyombo nje kwenye bomba watu wanamwona. Ilichukua siku mbili tu maneno yakaanza. Mama mdogo mmoja akasema yule kalishwa limbwata, haiwezekani mwanaume mzima anasugua sufuria nje na wake za watu wanapita. Jirani akamwambia mzee, kijana wako kakaliwa. Kaka akasikia. Tangu hapo hajaosha tena chombo mbele za watu. Hapo ndo nilipoelewa kwamba haya mambo hayajikai yenyewe, yana walinzi. Mtu akitoka kwenye mstari kidogo tu kuna watu wanamrudisha kwa maneno, na maneno yanauma kuliko fimbo.

Sasa yanaingiaje kwa mtoto? Mi nasema yanaingia kwa kutumwa. Mtoto haelewi hotuba, anaelewa jina lake linapoitwa. Ukikaa nyumba yoyote kwa siku moja na ukawa unasikiliza tu ni nani anaitwa kwa ajili ya nini, utaipata picha yote. Lete chumvi, angalia moto, mbebe mtoto, fagia hapo, wape wageni maji ya kunawa, anaitwa wa kike. Kimbia dukani, shika tochi twende tukaangalie ng'ombe, njoo usikie wazee wanavyoongea, shika hii hela mpelekee fundi, anaitwa wa kiume. Angalia na sehemu wanazopelekwa. Wa kike anatumwa kuingia ndani, wa kiume anatumwa kutoka nje. Akifika miaka kumi huyu wa nje ameshajua bei za vitu, ameshajua njia, ameshazoea kuongea na watu wazima wa kiume bila kutetemeka, na ameshashika hela. Huyu wa ndani ameshajua kuusoma uso wa mtu mzima kama ana njaa au ana hasira. Alafu wakikua tunasema wanaume wana akili ya biashara na wanawake wana huruma ya asili.

Nilimwangalia mtoto wa kaka anamenya ndizi za machalari siku ya sherehe. Ana miaka tisa. Ndizi mbichi kama hujui zina utomvu, usipopaka mafuta mikononi kabla vidole vinakua vyeusi na havitakati kwa sabuni, siku mbili tatu unatembea navyo. Alikua na beseni la maji pembeni, anachana ganda kwa kisu kutoka juu, anaingiza kidole gumba, anavuta, anatumbukiza ndizi majini isibadilike rangi, anachukua nyingine, na mkungu mzima uko mbele yake. Anafanya haraka kuliko mimi. Shangazi yangu mkubwa akapita akamwangalia akasema ndo mikono ya mwanamke hiyo, wewe hautarudishwa. Mtoto akatabasamu, kavimba kwa sifa. Na mimi nimekaa pale nawaza, huyu mtoto wa darasa la tatu ameshapewa sifa ya ndoa yake, na amefurahi, maana mtoto yeyote anapenda kusifiwa na ataifuata sifa inakotoka. Mdogo wake siku hiyo hiyo alisifiwa kwa kushika miguu ya mbuzi wakati wa kuchinja. Kule nyuma kwenye migomba wanaume wanakochinja mtoto wa kike hasogei, na nyama inavyogawanywa kule, huyu sehemu yake ni hii na yule ni ile, ni shule nzima ya ukoo, anafundishwa mtoto nani mkubwa na nani anamfuata, nani anaheshimiwa kwa lipi. Dada yake masomo hayo hajayahudhuria hata siku moja, alikua kwenye ndizi.

Kuna utafiti ulifanyika Marekani mwaka 1975 ambao mimi naupenda kwa sababu ni mwepesi kuelewa. Walichukua kitoto kichanga, miezi mitatu, wakakivalisha nguo ya njano, wakawapa watu wazima wacheze nacho. Wengine wakaambiwa ni wa kike, wengine wakaambiwa ni wa kiume, wengine hawakuambiwa. Mtoto ni yule yule mmoja. Walioambiwa ni wa kike walikua wepesi zaidi kumchukulia mwanasesere. Kwa hiyo kazi ya kumfundisha inaanza kabla mtoto hajajua hata kukaa, na tunaifanya bila kujua tunaifanya. Huku kwetu hatuna mambo mengi ya vinyago lakini tuna maneno, na maneno yetu ni mengi. Kaa vizuri wewe ni mtoto wa kike. Unacheka kwa sauti hivyo utaolewa na nani. Jike dume. Kwa wa kiume, mwanaume halii, unalia kama msichana, we si ndo baba wa hapa baba akisafiri? Mtoto wa miaka mitano anaambiwa yeye ndo baba wa hapa, na mama yake mzazi kasimama pale.

Na kwa hili sisi wanawake ndo walimu wakuu, lazima tuseme. Mfano kichen pati. Nimehudhuria nyingi, Moshi na Arusha, nimechangia, nimevaa sare, nimecheza, ni sherehe nzuri na bibi harusi anapata vitu vya kuanzia maisha. Ila sikilizeni yale mafundisho. Mume usimuulize anatoka wapi akichelewa, mpe maji ya kuoga kwanza. Akikasirika wewe nyamaza, ndoa ni uvumilivu. Usilale kabla yake, usiamke baada yake. Nimeona mama aliepigwa na mumewe mpaka akavunjika jino, na mtaa mzima unajua, anashika kipaza sauti anamfundisha binti wa watu uvumilivu, na sisi tunapiga vigelegele. Niliumia sana siku ile. Yule mama hakua anadanganya, alikua anafundisha kile alichofundishwa na yeye, na ndo kitu pekee alichonacho cha kufundisha kuhusu ndoa. Wakati huo huo bwana harusi yuko wapi? Yuko na wenzake wanakunywa. Hamna mtu amemkalisha chini usiku mzima kumwambia mke anapokelewaje, anasikilizwaje, mtoto akilia usiku anaamka nani. Zawadi zenyewe, masufuria, seti ya sahani, jiko la gesi, ndoo, yani tunamkabidhi mtu mmoja vifaa vya kazi ya watu wawili.

Shuleni sitakaa sana maana mnajua. Darasa likipigwa deki wanaitwa wasichana, meza zikihamishwa wanaitwa wavulana, mwalimu akitaka chai anaangalia upande wa wasichana. Ila nitasema hili, kule ndo nimeona pia kwamba inawezekana kufundishwa tofauti. Mkoa huu umekua na shule za wasichana za siku nyingi, Ashira, Machame, Kibosho, na Weruweru iliyokua chini ya Mama Maria Kamm miaka ya 70 na 80, na wanawake waliopita pale mpaka leo ukikutana nao unaona wanavyosimama na kuongea. Sio kwamba walizaliwa na damu nyingine. Ni kwamba kwa miaka kadhaa waliishi sehemu ambayo kila kitu, kuongoza, kubeba, kurekebisha, kusimama mbele, kilifanywa na msichana kwa sababu hakukua na mvulana wa kuitwa.

Turudi kwenye hela, maana ndo ilipo nguvu. Mlima huu ulijengwa na kahawa, kila mtoto wa hapa anasimuliwa hilo. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianza 1925, KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ikaja 1933, na kwa kahawa hiyo zikajengwa shule na watu wakasomeshwa mpaka ulaya. Sasa muulizeni bibi yeyote wa Uchaggani ni nani aliekua anachuma ile kahawa. Ni yeye na watoto. Nani alikua anaimenya kwenye mashine ya mkono, anaiosha, anaianika, anaichambua? Ni yeye. Ikishakauka ikawa tayari kwenda chamani kupimwa, hapo ndo inakua ya babu, maana kihamba, yani shamba la ukoo lenye nyumba, ni cha babu na jina chamani ni la babu, na hela inapokelewa na babu. Ya bibi ilikua ndizi, na ndizi ikaachwa ya bibi kwa sababu ilikua na hela ndogo. Bei ya kahawa ilipokuja kuanguka ndo watu wakashtuka kwamba kumbe ndizi za bibi, maziwa yake na mbege yake, pombe ya ndizi, ndo vinalisha nyumba. Mpaka leo nenda Mwika siku ya soko, au Kiboriloni, au Mbuyuni hapa mjini, wanaobeba mikungu na kubishana bei ni kina mama.

Ndo maana watu wa mikoa mingine huniambia nyie wanawake wa Kichagga hamna cha kulalamika, nyie ni wapambanaji, mna maduka, mna mabasi, mna nyumba Dar. Ni kweli tunafanya biashara na najivunia. Ila mwanamke huyo huyo mwenye duka la jumla mjini akipanda nyumbani kwenye kikao cha ukoo anakaa wapi? Yuko jikoni anagawa sahani, na ndani wanajadili shamba, na mdogo wake wa kiume ambae bado anaishi kwa hela za dada ndani ana sauti. Akirudi mjini anafunga duka saa mbili usiku anaanza kuuliza watoto wamekula nini. Hela imeongezeka na kazi ya nyumbani haijapungua. Na sio huku tu, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 kwamba duniani wanawake wanafanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za kuhudumia nyumba na watu zisizolipwa, ikawa wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku kwa mwanamke na saa 1 na dakika 23 kwa mwanaume. Toa moja kwa nyingine, ni saa tatu kila siku. Saa tatu ni kozi ya jioni, ni usingizi, ni mboga za kuuza, ni kukaa tu chini ya mti na kuongea na mwenzio kama kina baba wanavyofanya kila jioni pale kwenye mbege.

Na wavulana nao wanaumizwa na mafundisho haya haya, tusijifanye hatuoni. Kijana anafundishwa tangu mdogo kwamba uanaume ni hela na kutolia. Sasa hela isipokuja? Kila Desemba wakati mabasi yamejaa watu wanarudi nyumbani kuna vijana wetu hawarudi, sio kwamba hawatamani, ni kwamba hawana cha kuja nacho, anaona aibu kufika mikono mitupu mbele ya wenzake walioweka magari nje ya geti. Anazima simu. Wengine mwaka wa nne sasa hawajamwona mama yao. Dada yake akikosa hela anarudi tu, anaingia jikoni kusaidia, hamna anaeshangaa. Na wengine wapo pale pale kijijini, kazi hamna, kihamba kimegawanywa kimekua kadogo, na jikoni hapaingiliki kwa mwanaume, kwa hiyo kuanzia asubuhi hana kitu cha kufanya ambacho kinamfanya ajisikie mtu, anaishia kwenye gongo. Hivi kweli tungewafundisha kwamba kumlea mtoto na kupika ni kazi ya heshima si wangekua na mahali pa kushika?

Sheria zipo, tena zingine za zamani kuliko mimi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali za ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa sababu nyingine za kesi yake, ila ile kanuni ikabaki na imesaidia wanawake wengi baada yake. Kwa hiyo mahakama ilishamjibu kaka yangu kabla hajajua hata kushika kijiko, ya nyumbani nayo ni kazi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya, kwenye kesi ya mama mmoja wa Kagera anaitwa Holaria Pastory aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia na mtoto wa ndugu akaenda kupinga, jaji akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume, mila haiwezi kumzuia. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeandika kabisa kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume.

Sasa kwa nini bado wanawake wananyang'anywa? Hapa kuna kitu nimekiona nyumbani kwetu nataka mkifikirie. Mpaka wa kihamba huku kwetu ni masale, yale majani tunayopanda mpakani. Na mzee, baba yangu, ana kawaida ya kumchukua mjukuu wake wa kiume anazunguka nae. Hapa ndo sale letu la kwanza, hili alilipanda babu yako mkubwa, pale kwenye ule mfongo, mfereji wa maji, zamani mpaka ulikua huku tukasogezana na fulani tukasuluhishwa, shahidi ni mzee fulani. Mtoto anashika. Wa kike hajawahi kuzungushwa. Mimi mwenyewe nimezaliwa pale, nimefagia ule uwanja miaka yote, nimekata majani kila kona, na mtu akiniuliza mpaka wetu na wa jirani wa juu ulisuluhishwa lini na mbele ya nani, sijui. Kaka anajua. Siku kuna mgogoro, iwe kwa balozi, iwe baraza la ardhi, wanaitwa mashahidi wanaojua mpaka, na utashangaa wote ni wanaume, kwa sababu ndo waliotembezwa wakiwa wadogo. Mjane anasimama pale na sheria ya 1999 iko upande wake lakini akiulizwa mama shamba lako linaanzia wapi na kuishia wapi anabaki anaangalia chini. Watu wanasema mnaona, sio lake. Kumbe alinyimwa lile shamba akiwa na miaka saba, siku alipoambiwa abaki amenye ndizi wakati kaka yake anazungushwa.

Niliongea na mzee. Sikumwambia habari za haki na usawa maana najua angenisikiliza kwa heshima alafu basi. Nilimwambia baba, huyu wa kiume akienda Dar kutafuta maisha na wewe haupo, nani atabaki anajua haya masale? Akanyamaza. Kesho yake asubuhi akawaita wote wawili, akachukua panga na fimbo yake, wakazunguka. Ilichukua muda mrefu maana binti ana maswali mengi, kila sale anauliza nani alipanda na kwa nini hapa na sio pale, na mzee akawa anajibu, na nadhani alikua anafurahia kuliko alivyotegemea. Walipofika kule juu penye mfongo, baba yangu mdogo aliekua anakata majani upande wake akasimama akauliza huyu nae anafanya nini huku. Mzee akasema anajifunza kwao.

Mchana baba mdogo alikuja uwanjani, hakunificha. Akaniambia mwanangu, mtoto wa kike ni wa kuondoka, mkishamwonyesha mipaka kesho atakuja na mumewe kutushtaki hapa. Nikamjibu kwa heshima yote, baba, akinyimwa haki yake atashtaki ndiyo, na nitampeleka mwenyewe mpaka barazani.